Toleo Jipya la Apolinari

Mwaka mzima Apolinari alikuwa anakuja steshenari kwangu, hapa Kiwalani, kunisimulia habari za kompyuta. Si za moyo wake. Za kompyuta. Ni fundi, na toleo jipya la mfumo likikaribia kutoka hashikiki.

"Jesca, hili linalokuja unaongea, lenyewe linachapa. Kiswahili hikihiki! Na umeme ukikatika, ukiwasha unakuta kazi yako palepale ulipoishia."

"Na chai linachemsha?"

Nilikuwa nampenda, basi. Nampenda na nimechoka kumsubiri. Barua za posa za vijana wa mtaa mzima nazichapa mimi, na huyu hajawahi hata kuninunulia soda.

Jumamosi moja akaja na toleo la majaribio kwenye flashi. Akaliweka kwenye kompyuta yangu, akachomeka maiki. Nikamwambia kazi zangu zikipotea, kadi za kipaimara za parokia nzima atachapa yeye. Akacheka tu.

"Sasa ngoja tulijaribu. Niseme nini?"

"Sema unachotaka. Mie nina kazi."

Akakohoa. "Kwa mzee wetu mheshimiwa, shikamoo." Maneno yakatokea kwenye kioo bila kosa. Nikajifanya siyaoni. "Mimi kijana wako nimeona ua zuri bustanini kwako, naomba kulichuma."

Moyo ukanilipuka paa. Posa! Kumbe ana mtu wake, na amekuja kumwandikia hapa hapa, mbele ya macho yangu. Hasira zikanipanda.

"Kulichuma? Unaomba mke au mchicha? Sema unaomba kujiunga na familia. Watu wenye adabu zao ndivyo wanavyoandika!"

Mashine ikachapa na mchicha wangu.

"Naomba kujiunga na familia," akarudia kwa utii, jasho linamtoka.

"Iende kwa mzee nani?" nikauliza.

"Mzee Lusungu. Vingunguti."

Mzee Lusungu wa Vingunguti ni baba yangu mzazi.

Ndege ikapita juu ya paa kwenda kutua, nasi tukanyamaza, maana Kiwalani hakuna anayeshindana na ndege. Ilipopita nilikuwa nimeshajisahau.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo, Apolinari, hata leo! Mwaka mzima ulikuwa wapi wewe?"

Mashine ikachapa yote.

Jamani! Kwetu mtoto wa kike hajibu posa. Barua inapelekwa na mshenga, wazee wanakaa, wanajifanya wanafikiri, na binti anaitwa mwishoni kabisa, naye anajibu akiwa ameinamisha uso. Mimi nilikuwa nimejibu barua haijaingia hata kwenye bahasha. Aibu ikanishika, nikachomoa waya ukutani. Kompyuta ikazima.

"Imefutika," nikasema. "Wala hukusikia kitu. Nenda katafute mshenga kama wenzio."

"Sawa," akasema, huku anacheka mpaka machozi. Kisha akachomeka waya, akawasha.

Mashine yangu kongwe ikanguruma, ikajivutavuta. Nikawa naiombea mabaya kimoyomoyo. Halafu barua ikajileta yenyewe kwenye kioo, palepale tulipoishia: shikamoo ya mzee, mchicha, na chini kabisa ndiyo yangu, tena mbili.

"Si nilikwambia?" Apolinari akasema.

Kabla sijaufikia mkono wake, alikuwa ameshaichapisha kwenye karatasi.

Barua safi niliiandika upya kwa vidole vyangu mwenyewe, yenye adabu zote, na mjomba wake Praygod akaipeleka Vingunguti kama mshenga. Baba aliipokea, akavaa miwani, akasoma, akasoma tena. Akasema jambo hili ni zito, wazee wanaomba muda wa kufikiri.

Basi wafikiri. Apolinari anatembea na jibu lake kwenye mfuko wa shati.