Ini la Kaniki

Jana mchana mume wangu Badi alikuwa amelala chali mkekani. Na mimi nikajinyoosha kando yake, nikaota nimo ndani ya paka wetu, Kaniki.

Sikushangaa. Nilikuwa na shaka kwa muda mrefu. Kila magharibi Kaniki alijigonga kwenye miguu ya meza, na daktari wa mifugo akasema haoni gizani kwa kukosa vitamini A, apewe ini. Mwenda sokoni ni Badi. "Nampa, mama Rukia, wallahi nampa," husema, macho yakiwa ukutani.

Basi nimo kwenye utumbo mwembamba, napanga foleni. Mlangoni kasimama Nyongo, kanzu ya kijani, hacheki na mtu.

"Nani wewe?" anamuuliza aliye mbele.

"Vitamini B12."

"Peke yako?"

"Nipo na maharimu wangu." Anamwonyesha protini mfupi aliyemshika mkono.

"Piteni. Mlango wenu ni ule wa mwisho kabisa."

Huko vidole vidogo vya ukutani vinawapokea kwa adabu.

Inafuata karoti. "Mimi ni vitamini A," inasema, ikikwepa kunitazama.

Nyongo anaizunguka, anainusa. "Vitamini A hupita na mafuta. Yako yako wapi?"

"Nimeyasahau."

"Wewe karoti. Kwa sungura wangekugeuza ukawa vitamini A. Hapa kwa paka hatugeuzi mtu. Mgeni huja akiwa tayari. Nani kakutuma?"

Karoti inainama. "Baba mwenye nyumba. Kaniambia nishike nafasi ya ini."

"Na ini lenyewe liko wapi?" nauliza.

Nyongo anasukuma ukuta. "Katazame mwenyewe, mama."

Navuka. Utumbo huu si wa paka. Ni mpana, na unatikisika kwa mkoromo ninaoujua. Ini limeketi juu ya vitunguu, linajipepea.

"Wewe ulikuwa wa Kaniki," nasema.

"Niliambiwa Kaniki kaacha nyama," linajibu. "Hata mimi nilitilia shaka, shemeji. Lakini nilikuwa nimeshatafunwa."

Nikaamka. Kaniki alikuwa amemkalia Badi kifuani, anamlamba masharubu, unywele mmoja baada ya mwingine.

Badi akafumbua jicho moja. "Ananipenda tu huyu."

Nikainama karibu. Kwenye ncha ya sharubu ilining'inia chembe ya ini, bado laini. Nikanyoosha kidole niichukue.

Kaniki akaniwahi.