Vifurushi Vinavyobebana

Mwaka wa tisini na nane, Kweyu na mkewe Nasambu walikuwa na kiduka cha uchapaji kule mtaani Baba Dogo. Kompyuta yao moja ilitumia mfumo wa Linux, kwa kuwa waliupata bure kwenye sidii. Asubuhi hiyo jirani yao Andati alileta picha ya marehemu mama yake, akitaka itokee kwenye kijitabu cha mazishi.

Picha ilihitaji programu mpya. Kweyu alipojaribu kuiweka, mashine ikakataa: kwanza iwekwe toleo jipya la kifurushi cha picha, yaani faili ambazo programu nyingine huzitegemea. Akalipata kwenye sidii, lakini alipoliweka mashine ikakataa tena: programu ya kuchapa inategemea toleo la zamani. Kweyu si mtu wa kubembeleza. Akaamuru kwa nguvu. Toleo jipya likalifuta la zamani, programu ya kuchapa ikagoma, na ile mpya nayo isifunguke.

"Mama Job, njoo uone. Hii kitu imekufa!" akamwita mkewe.

Nasambu akavuta kiti. "Haijakufa, Baba Job. Ilipokukataza, ulisoma sababu?"

Kweyu akampisha mbele ya kibodi.

Nasambu alirudisha kwanza kifurushi cha zamani, na programu ya kuchapa ikafufuka. Kisha akaanza kuihoji mashine. Hii inahitaji nini? Na hicho nacho kinahitaji nini? Akashuka hivyo hivyo hadi akafika kwenye kifurushi kisichodai chochote ambacho hakikuwa tayari kwenye mashine. Hapo ndipo alipoanzia kuweka, akipanda kimoja baada ya kingine. Toleo jipya hakuliweka juu ya la zamani, aliliweka kando yake, kila moja lihudumie programu zinazolitegemea.

Kweyu alimtazama kinywa wazi. Siku zote alidhani kila programu inajisimamia yenyewe. Kumbe zinabebana, na mkewe alikuwa anaona nani amembeba nani.

"Haya ulijifunzia wapi?"

"Hapa hapa. Imeandikwa kwenye skrini, ni kusoma tu."

Programu ikafunguka. Karatasi ya kwanza ilipotoka, Andati aliishika kwa mikono miwili. "Ni yeye kabisa," akasema kwa sauti ya chini.

"Mshukuru Mama Job," Kweyu akasema, kifua mbele kana kwamba ndiye aliyesifiwa. Andati alipoondoka, akasogeza kiti chake karibu na cha mkewe.

"Hebu nionyeshe tena. Polepole."