Jicho la Chini

...na uzi wenyewe hata si mrefu, unatoshana na kidole changu cha kati, umenasa kwenye kiulimi cha chuma palepale shilingi inapogeuka kuangukia sandukuni, uzi wa nailoni wa mafundi wa viatu, umepakwa nta, na mimi nimepiga magoti nyuma ya mashine ya mchezo, kichwa ndani, mabega nje, hakuna anayeuona isipokuwa mimi na tochi yangu, Mzee Lusweti, mwenye duka, amesimama nyuma yangu, naona viatu vyake tu, vile vyeusi alivyostaafu navyo kutoka reli, na Perez, anayemshikia duka, ameketi kwenye benchi kando ya mlango, mkoba mapajani, ufunguo wa sanduku aliokuwa akiuvaa shingoni sasa uko mkononi mwa Mzee, nasikia akiuchezea, kling, kling, na anauliza mara ya pili, au ni ya tatu, "Fundi Mativo, nakuuliza, hiyo kitu inaweza kudanganywa ama haiwezi?" na mimi nasema, "Ngoja kidogo, Mzee, bado naangalia," uongo mtupu, sina ninachoangalia, nimekwisha kuona, niliona dakika tano zilizopita...

haiwezi, hilo ndilo jibu langu la siku zote, nililiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya mdomo wa sarafu, HAIDANGANYIKI, siku tuliyofungua duka, mwezi wa pili, pasta akaja kuombea, akaweka mkono juu ya mashine kama anayebariki mtoto, tukasema amina, kisha Mzee akasema, fundi, hebu waonyeshe, na mimi, jamani, nilivyojidai siku ile, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, nikatumbukiza kipande cha bati nilichokikata duara, ikakitema, nikatumbukiza sarafu ya nchi jirani, ikaitema, nikafunga shilingi halali kwa uzi, nikaishusha taratibu, nikaivuta juu, king'ora kikalia na mchezo ukakataa kuanza, Buruburu nzima ikapiga makofi, au basi wale watu thelathini waliokuwepo, nikawaeleza kama mwalimu wa darasa la tatu, kuna macho mawili, jicho la juu linailinganisha shilingi yako na shilingi ya mfano niliyoifunga hapa pembeni, ikiwa ni ndugu yake inaachiwa njia, jicho la chini ni la mwanga, linangoja ipite, lazima ipite juu kwanza ndipo ipite chini, isisimame, isirudi nyuma, na ikishapita chini, mahali ambapo hakuna mkono wala uzi wa kuirudisha, ndipo waya hii nyeupe inapopeleka ishara, tik, mara moja tu, mchezo unaanza na kaunta inaongeza moja... shilingi moja, tik moja, nikawaambia, na Perez alikuwa mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani, akiitikia kwa kichwa kama anayesikiliza somo kanisani...

kling, kling, Mzee anaongea tena, safari hii na Perez, nasikia nusu tu, sauti inagonga mbao za mashine na kurudi, "...kaunta inasema elfu moja mia tatu. Sanduku lina mia tano na kitu. Kaunta haina tumbo, Mama. Haili," na ndiyo maana nimeitwa, nithibitishe kwamba kaunta haili, kwa sababu kama mashine ni nzima basi zile shilingi ziliingia zote, na kama ziliingia na hazimo, zilitoka kwa mlango, na mlango una ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mtu mmoja, hata mtoto anaweza kuipiga hesabu hiyo, Mzee si mtu mbaya, ameweka pesa zote za kustaafu kwa mashine mbili na kodi ya duka, mwaka huu wa ukame na unga wa njano wa msaada nani angecheka na mia nane, nami nisingecheka, na kituo cha polisi ni hapo tu ukivuka barabara, Perez alikuwa anamwambia nilipoingia, "Nikipelekwa kituoni leo, Jumapili nitakaa wapi?" miaka tisa anahesabu sadaka za kanisa lao, ndiyo sababu Mzee alimchukua, na watu hawatauliza kama alishinda kesi, watauliza tu kwa nini sahani ya sadaka imepewa mwingine...

mwezi wa nane, Ijumaa, nakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, vumbi lilikuwa limejaa kila mahali, wanajenga nyumba upande ule wa juu, malori yanapita kutwa, na vumbi likalifunika jicho la chini, shilingi zinapita jicho halizioni, mashine inameza na mchezo hauanzi, wateja wakaanza kuipiga mateke, mmoja akamshika Perez ukosi wa blauzi akidai shilingi yake, Perez akatuma mtu aniite, nikaja mbio, na basi langu la kwenda nyumbani Masii lilikuwa linaondoka saa kumi, nilikuwa na gunia la unga la mama yangu, Mbeti, alikuwa amelala na njaa siku mbili, sikusikia hilo kwa mtu, niliandikiwa barua, na kusafisha jicho la chini ni lazima ufungue kila kitu, skrubu kumi na mbili, saa nzima, kwa hiyo nikafanya nini, nikafanya kile ambacho kila fundi wa mtaa huu amewahi kufanya kisha akakana, nikaitoa waya nyeupe kwa jicho la chini nikaiunga kwa jicho la juu, na king'ora nikakikata kisije kikalia bure, dakika tatu, nikajaribu, tik, mchezo ukaanza, Perez akasema, "Asante ya Mungu, fundi," akaninunulia soda, nikainywa nikiwa nimesimama, nikajiambia Jumatatu nitairudisha... Jumatatu gani, miezi mitatu imepita, kila nilipokuja nilifuta kioo, nikasikiliza tik, nikaenda, mashine inayofanya kazi nani anaifungua, na ishara inatoka sasa kabla shilingi haijafika popote, ikigusa tu jicho la juu, tik, ivute, ishushe, tik, ivute...

uzi ni wa yule Maingi, dereva wa kaunsili ya jiji, bingwa, ndivyo tulivyomwita, anakuja saa nane akishapaki lori lao, anacheza mpaka jioni, anainamia mdomo wa sarafu kama anayenong'ona nao, na mimi nikawaambia watu mwangalieni yule, shilingi moja anaenda nayo saa tatu nzima, huyo ni kichwa, nikajivuna kwa sababu ni mtu wa kwetu, na Perez alikuwa akimpelekea chai...

pasi ya solda imepata moto, nasikia harufu yake, ni hapa karibu na goti langu, dakika mbili zinatosha, waya nyeupe irudi chini, king'ora kiunganishwe, jicho nilifute kwa leso, uzi huu niuweke kwenye mfuko wa shati nyuma ya kalamu, kisha niinuke, nijipanguse magoti, nimwambie Mzee leta shilingi, leta uzi, jaribu mwenyewe, na king'ora kitalia kama siku ile, na sitakuwa nimesema neno baya juu ya mtu yeyote, nitasema tu mashine iko sawa, Mzee, maneno manne... na Perez ni mwizi, hayo mengine yatajisema yenyewe... au niseme kuna hitilafu kidogo, labda vumbi, labda umeme wa juzi, nione uso wake, akikunja sura niyarudishe, niseme lakini si kubwa hivyo, si ya mia nane, ee, Mativo, hayo ndiyo unayoyafanya, unashusha neno likiwa limefungwa uzi, ligonge, lifanye kazi yake, kisha ulivute juu likiwa zima, una tofauti gani na Maingi, yeye basi anaiba mchezo...

naona aibu, nasema hivyo hivyo, humu ndani ya mashine ambamo hakuna wa kunisikia, naona aibu na naogopa, Mzee atanidai mia nane, atamwambia kila mwenye mashine kutoka hapa hadi Komarock kwamba Mativo ndiye aliyefungua njia, nitakula wapi, mama atakula wapi, hofu hiyo ni ya kweli, siidharau... na sasa Perez anaongea, kwanza sikumsikia, sauti imechoka, "Mwache fundi amalize, Mzee, usimharakishe. Yeye ndiye anajua hii kitu. Akisema mashine ni sawa, basi ni mimi. Labda kuna mahali nilikosea kuhesabu. Hata mimi usiku nimeanza kujiuliza kama sikukosea."

Kling moja. Kujiuliza. Miaka tisa ya sadaka, na ameanza kujiuliza, kwa sababu ya rangi yangu nyekundu, kwa sababu aliketi mbele siku ile akaniamini kuliko anavyoiamini mikono yake mwenyewe...

"Fundi! Inadanganyika ama haidanganyiki?"

nachomoa plagi ya pasi, uzi nauacha pale pale ulipo, waya nyeupe siigusi, magoti yananiuma, viatu vyeusi viko pale pale nyuma yangu, tochi bado inawaka.

"Mzee," nasema, "vaa miwani yako uje hapa. Nataka uone kabla sijashika kitu."

"Nione nini?"

"Waya. Hii nyeupe. Haiko mahali pake, na aliyeitoa ni mimi."