Ufunguo wa Si Mongi

Kila Alhamisi, kabla uji wa Yosr haujapoa, barua ya Si Mongi, yaani Bwana Mongi, ilikuwa imeshafika. Emna hakuhitaji kuifungua ili ajue kilichomo. Mwaka na nusu sasa ilikuwa ile ile, neno kwa neno: "Bi Mtunzaji, Mizan inakataa kufanya kazi folda ya kwanza ikiwa tupu. Hili ni kosa. Tafadhali rekebisha. M. Kammoun, Sfax." Naye Emna, mkono mmoja kwenye kijiko na mwingine kwenye kompyuta, hujibu yale yale: "Asante, Si Mongi. Tumelipokea." Kisha humfuta mwanawe kidevu.

Mizan ilikuwa programu ndogo isiyo na picha wala vitufe. Unaandika amri moja kwenye skrini nyeusi, unaitajia folda mbili, nayo inazifanya zilingane. Kilichoongezeka kwenye ya kwanza kinanakiliwa kwenye ya pili. Kilichofutwa kule kinafutwa na huku. Watu wa nchi ambazo Emna hajawahi kuzikanyaga waliitumia kuhifadhi vitu vyao, bure, bila kujua kwamba miaka ishirini na saba iliyopita iliandikwa ndani ya chumba cha kuwekea gari, na mwalimu wa hisabati aliyekosa gari la kuweka.

Mwalimu huyo, Si Mongi, ndiye aliyemfundisha Emna kuandika programu, kwenye masomo ya jioni, enzi zile mchana kutwa Emna anafunga chupa za mafuta ya zeituni na kuja darasani mikono ikiteleza. Si Mongi alipoona umri unamtupa mkono, alimkabidhi Mizan kama mtu anavyomkabidhi jirani ndege wake wa kizimbani, pamoja na maelekezo mengi kupita kiasi. Ila ufunguo wake wa saini alibaki nao. Toleo lolote la Mizan lenye saini ya ufunguo huo, kompyuta za dunia nzima hulipokea bila swali. Emna aliona kila wiki jinsi barua zile zinavyojirudia, na alijua maana yake: mzee alikuwa anaanza kusahau. Lakini angeanzaje kumwambia mzee, nipe ufunguo wa nyumba uliyoijenga?

Alhamisi ile barua ya Si Mongi haikuja. Zilikuja kumi na moja, zote za watu asiowajua.

Ya kwanza ilitoka kwa mwanamke aitwaye Ketevan, wa Tbilisi. "Diski yangu ilikufa Jumatatu," aliandika. "Sikuhangaika, kwa sababu nakala ninayo. Jana Mizan ikapokea toleo jipya, ikaamka kwa saa yake kama kawaida, ikakuta diski haipo. Ikahesabu kwamba nimefuta kila kitu. Ikafuta na nakala. Zilikuwa saa arobaini za bibi yangu akisimulia maisha yake. Alifariki Februari. Kuna namna ya kuzirudisha?"

Emna aliweka kijiko mezani. Yosr akakichukua, akakipigisha kwenye kiti chake.

Katika kazi hii hakuna badiliko lisilo na mwenyewe. Kila mstari una jina la aliyeugusa, siku na saa. Emna aliita kumbukumbu, na jina likatokea: Mongi Kammoun, Jumatano, saa tano asubuhi. Chini ya jina, maelezo: "Nimerekebisha kosa nililoripoti mara nyingi bila kujibiwa."

Bila kujibiwa. Alilisoma neno hilo mpaka herufi zikaanza kucheza. Barua sabini na kitu alijibu, na hata moja hakuijibu.

Mzee alikuwa ameondoa mistari minne tu, ile iliyoizuia Mizan kufuta chochote inapokuta upande wa kwanza ni mtupu. Na kwa kuwa jaribio lilikuwa linamkatalia, akaliondoa na jaribio. Desturi ya Mizan, aliyoiweka Si Mongi mwenyewe, ni kwamba kila kosa likisharekebishwa huachiwa jaribio lake, programu ndogo inayojaribu kusudi kulirudisha kosa lile. Likirudi, skrini inajaa wekundu na toleo halitoki. Majaribio yote yalikuwa na namba. Hili peke yake lilikuwa na jina. Liliitwa harusi-ya-hend.

Alirudisha ile mistari minne, akarudisha jaribio, akatoa toleo jipya. Uji ulikuwa umeganda. Simu ikalia: Rui, Mreno aliyekuwa akiijaribu Mizan kabla ya kila toleo, na ambaye hakujaribu hili kwa sababu hakuna aliyemwambia.

"Emna, ufunguo wa yule mzee ufe."

"Yule mzee ana jina."

"Nalijua jina lake, limeandikwa juu ya kila faili. Sikiliza. Wanaoisambaza Mizan wamesema kesho saa sita mchana mwisho. Ufunguo ukiwa bado hai, wanaitupa nje, wanaweka programu nyingine. Na kuuzima unajua ni lazima neno lake la siri. Mimi siwezi, wewe huwezi."

"Najua."

"Sikulaumu."

"Unanilaumu kidogo."

"Kidogo," akakubali.

Si Mongi alikaa barabara ya Gremda, kilomita nne na nusu kutoka kwa Emna. Mkewe, Lella Souad, alifungua mlango akampokonya Emna mtoto kabla ya salamu.

"Nipe huyu kwanza, wewe utasalimiwa baadaye. Yosr, roho yangu, mbona mama yako hakulishi? Mashavu yako kayapeleka wapi?"

"Lella Souad, wiki iliyopita ulisema amenenepa kama boga."

"Wiki iliyopita alikuwa boga. Leo ni kitunguu." Kisha akashusha sauti. "Umekuja siku nzuri, binti yangu. Jumatatu alivaa koti anataka kwenda kusimamia mtihani, nikamficha viatu. Lakini tangu jana anaimba. Anasema kuna kitu amekitengeneza."

Emna alishindwa kumtazama usoni. Alimtazama mtoto.

Kwenye ukuta wa ukumbini palikuwa na picha moja tu ya harusi ya binti yao Hend, aliyoipiga binamu kwa simu mbovu. Bibi harusi amefumba macho. Nyingine zote, mia nane na zaidi, zilipotea miaka mingi iliyopita, diski ilipokufa na Mizan ya Si Mongi mwenyewe ikafuta nakala. Lella Souad hakusema naye mwezi mzima. Mwezi huo ndipo Si Mongi alipoiandika ile mistari minne.

Emna alimkuta mzee kwenye chumba chake cha gari, miwani imefungwa kwa uzi, kizibao cha sufi kimefungwa vifungo vya juu chini.

"Bi Mtunzaji! Umekuja kunipongeza au kunichapa?"

"Nimekuja kukuonyesha kitu, Si Mongi."

Njiani alikuwa ameikunja karatasi aliyochapia badiliko lile, ili jina lisionekane. Hakujua kama anamhurumia mzee au anajihurumia mwenyewe. Si Mongi akachukua penseli, akasoma kama alivyokuwa akisoma kazi zao za darasani, midomo ikitembea.

"Nani huyu?" alisema. "Ameondoa ulinzi! Diski ikifa, hii inafuta na nakala. Na jaribio kalifuta! Emna, huyu mtu umempata wapi? Mnyang'anye ufunguo. Aende akauze samaki."

"Ndiyo, Si Mongi."

"Wala usimwonee haya. Tazama, hata kuandika kwake, kabla ya kila mabano anaacha mstari mtupu, utadhani karatasi ni ya baba yake..."

Penseli ilisimama. Aligeuza uso polepole kuelekea kwenye skrini yake, kwenye kazi yake ya miaka ishirini na saba, na mistari mitupu ilikuwa imesimama kabla ya kila mabano.

"Nimefuta harusi ya Hend," alisema.

Emna alitamani kusema hapana.

"Nani amepoteza?"

"Mwanamke wa Tbilisi. Na wengine kumi."

"Kapoteza nini?"

Angeweza kusema mafaili. "Sauti ya bibi yake."

Mzee alivua miwani, ikabaki inaning'inia kwenye uzi. "Na mimi nilikuwa nakuandikia. Nakumbuka nilikuandikia. Ukaniambia mmelipokea."

"Ndiyo."

"Kumbe ulikuwa unanibembeleza."

"Nilikuwa nakubembeleza, Si Mongi. Nisamehe."

"Yule," alisema akionyesha kwa kidevu upande wa ukumbini, alikokuwa Yosr, "yule ndiye wa kubembelezwa. Sogeza kiti. Tuuzime."

Neno la siri halikuja. Aliandika, akakataliwa. Akaandika tena. Alijaribu majina ya miji, jina la mama yake, mwaka aliozaliwa Hend. Kila mara skrini ilijibu kwa mstari ule ule, na kila mara masikio yake yakazidi kuwa mekundu kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Jana vidole viliandika vyenyewe. Leo alikuwa akivifikiria, navyo vimegoma.

Lella Souad aliingia na chai ya lozi, mtoto kiunoni. Akaona karatasi, akaona nyuso zao, akaelewa vya kutosha.

"Ni ile ile iliyokula picha zangu?"

"Ile ile," alisema mumewe.

"Siku ile ulinambia Mizan haiwezi kukosea."

"Sijawahi kusema maneno hayo."

"Ulisema, Mongi! Ulisimama hapo hapo ulipo, na ile suruali yako ya buluu."

"Suruali ya buluu mimi? Katika maisha yangu?"

"Nilikununulia mwenyewe, sokoni Bab Jebli, ukaivaa mpaka ikapasuka nyuma mbele ya mwalimu mkuu!"

"Hiyo ilikuwa ya kijivu, mwanamke!"

Na huku akibishana, uso umemwelekea mkewe, vidole vyake viliinuka vikaandika kitu kirefu, bila kusita, vikabonyeza. Skrini ikatoa mstari mmoja. Emna aliuona kwanza. Mzee alikuwa bado kwenye ubishi wa suruali.

"Tayari?" aliuliza alipogeuka.

"Tayari, Si Mongi. Ufunguo umekufa."

"Haraka hivyo."

Akanywa chai yake. Akazitoa lozi moja moja kwa kijiko, akazipanga kwenye kisahani. Emna alimtumia Rui neno moja, akaanza kumvalisha Yosr kofia. Ndipo mzee akainua macho, yameng'aa, ya mtu aliyekumbuka jambo.

"Enhe, Emna, kabla hujaondoka. Mizan inakataa folda ikiwa tupu. Umeliona hilo kosa?"

Asante, tumelipokea. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lella Souad alimtazama.

"Si kosa, Si Mongi," alisema Emna. "Inakataa kwa sababu ya picha za harusi ya Hend. Uliamua mwenyewe, zilipofutika."

"Zilifutika?"

"Zilifutika."

"Zote?" Akamtazama mkewe, na huzuni ikamjia mpya kabisa, kama habari ya asubuhi ile. Lella Souad akaweka mkono begani pake, akaacha pale.

Alhamisi iliyofuata barua haikuja. Wala ile ya pili. Ketevan naye hakujibu. Emna alikuwa amemwandikia ukweli wote, kwamba hakuna namna, na kwamba kosa lilipita mikononi mwake kabla ya kumfikia. Alhamisi ya tatu alipiga simu kilomita nne na nusu.

"Hafungui tena ile mashine," alisema Lella Souad. "Anasema mlango umefungwa. Nikimuuliza nani kaufunga, anasema hajui. Anakaa tu pale mlangoni."

Emna alichapa Mizan yote, kurasa arobaini na moja, akazipeleka pamoja na penseli mpya mbili. Ufunguo ulikuwa umekwenda, lakini karatasi haina ufunguo. Si Mongi alizipokea, akazisawazisha kingo kwenye paja kama anayepokea mitihani.

Wiki moja baadaye alimrudishia. Penseli ilikuwa imezungushia duara sehemu ishirini na tatu.

Emna alianza nazo mezani, Yosr akiwa chini amejaza mdomo mkate wa shayiri. Duara la kwanza halikuzunguka kosa lolote. La pili lilizunguka namba ya ukurasa. Hata hivyo alijaribu kila moja, na pembeni akaandika kwa kalamu alichokikuta, sentensi nzima, hata pale ambapo ilikuwa aibu kidogo kuandika. "Nimeangalia. Hapa ni sawa, na sababu ni hii." Kumi na tatu hivyo, na mkono ukaanza kumuuma.

Duara la kumi na nne halikuwa na maneno ndani yake. Lilizunguka mstari mtupu, ulio kabla ya mabano. La kumi na tano vilevile, na la kumi na sita. Alifunua mpaka mwisho; yote yaliyobaki yalizunguka mistari mitupu, na kwenye la mwisho mzee alikuwa amebonyeza penseli mpaka karatasi ikatoboka, akaandika kando, kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Nani huyu?"

Yosr alikuwa anavuta sketi yake. Emna alimbeba, akamkalisha pajani, akashika kalamu kwa mkono uliobaki.

"Ni wewe, Si Mongi," aliandika. Kisha akarudi kwenye la kumi na nne akaanza kujibu, moja baada ya jingine, kila mara akimtaja mzee kwa jina.