Taya la Lumbidzani

Chedza ndiye aliyekuwa na meno mabaya, na pale mtaani kwao Francistown hakuna asiyejua. Chonge zake zilichomoza juu kabisa ya fizi kama zilizokosea njia, na meno ya mbele yalipandana kama watu wanaogombea mlango. Shuleni walimwita Mamba. Dada yake Lumbidzani, aliyemzidi miaka saba, alikuwa na meno yaliyonyooka, na mama yao hakuchoka kumsifu kwa wageni: "Huyu alinyonya akashiba, ndiyo maana."

Kwa hiyo Chedza alipopata nafasi ya kuonana na daktari wa kupanga meno, Lumbidzani alisema yeye atawasindikiza tu, mdogo wake na mama. Hakusema kwamba siku nyingi sasa alikuwa akitafunia upande mmoja, kwa kuwa upande wa pili magego hayakukutana tena. Wala hakusema kwamba kila asubuhi, mbele ya kioo, huziba nusu ya uso kwa kiganja, kisha nusu nyingine, na kuona watu wawili tofauti. Aliwahi kumwambia mama kwamba kidevu chake kinakwenda kushoto. Mama alicheka. "Hata nyumba hii imepinda, mwanangu, na tunalala humo humo."

Daktari Seabelo alimkagua Chedza taratibu, akatazama picha ya eksirei, akatazama tena mdomoni.

"Sema kweli, daktari," mama alimwambia. "Kazi kubwa?"

"Inatisha kwa macho tu, mama. Ni rahisi. Mataya yote mawili yamekaa panapotakiwa, meno ndiyo yaliyokosa nafasi. Tutang'oa manne, tufunge waya, na baada ya miaka miwili huyu atatangaza dawa ya meno kwenye televisheni."

Mama akapiga kigelegele mle mle ndani. "Watakoma!" Chedza akasema, mdomo ungali umejaa pamba, na Lumbidzani akaangua kicheko.

Daktari akageuka kumtazama. Kicheko kikakatika.

"Wewe binti, hebu cheka tena."

"Mimi nimesindikiza tu, daktari."

"Najua. Njoo ukae hapa."

Alisimama nyuma yake akamtazama uso kutoka juu. Akambonyeza mbele ya masikio, akamwambia afungue mdomo, afunge. Kisha akampa kijiti bapa cha mbao akiume kwa magego. Kijiti kilikaa mshazari, upande mmoja juu, mwingine chini. Akampeleka kupigwa picha, akaitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ya Chedza.

"Mfupa wa taya lako unaendelea kukua upande wa kulia, pale kwenye kiungo," alisema hatimaye. "Wa kushoto ulishaacha."

"Basi mfunge waya na yeye," mama akadakia.

"Waya husogeza meno, mama. Meno yake hayana kosa."

"Utaacha lini kukua?" Lumbidzani akauliza.

"Sijui. Kwa wengine huacha mapema, kwa wengine huchelewa sana. Ukiacha, au ukikataa kuacha, dawa ni kupasuliwa. Aliyekuwa akifanya upasuaji huo hapa kwetu ameondoka. Naweza kuomba ukafanyiwe nje. Nimeshawaombea wengine."

"Walikubaliwa?"

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Bado."

"Kwa hiyo mimi na Chedza, mimi ndiye mbaya zaidi?"

"Chedza ni kazi yangu, binti yangu. Wewe ni kazi nisiyoiweza."

"Lakini meno yake yamenyooka!" mama alisema, kama anayemdai daktari kitu.

Walipotoka, mama alinunua magwinya, maandazi ya kwao, yangali ya moto. Chedza alikula huku akiongea njia nzima. Lumbidzani alilishika la kwake mpaka likapoa, kisha akampa mdogo wake.

Lumbidzani alirudi kupimwa kama daktari alivyomwagiza. Kila mara kijiti kilizidi kulala upande, na kila mara daktari alisema ombi halijajibiwa. Herufi za "s" zilianza kumponyoka kwa mluzi, akaacha kuimba kwaya, akisingizia koo. Mwishowe aliacha hata kwenda kupimwa. Daktari alipiga simu mara moja kuuliza. Lumbidzani alimjibu kwamba yu mzima, wakaagana.

Siku Chedza alipofunguliwa waya, ndugu walijaa nyumbani kumtazama. Alikuwa mzuri kweli. Alicheka hata pasipo na cha kuchekesha. Shangazi akataka wapigwe picha wote uani.

"Lumbi, ingia hapa kwa mdogo wako!" akaita.

"Nikiingia atapiga nani?" Lumbidzani alijibu, akachukua simu mkononi mwa shangazi.

Mama alimtazama. Kisha akageuka, akaanza kumnyooshea Chedza kola ya gauni.