Sauti Kamili ya Agnesi

Kama wivu ungezalisha umeme, mtaa mzima wa Chanji usingekaa gizani mwaka ule Shedrack alipofungua duka la muziki mkabala na la Isdori.

Isdori ndiye aliyetangulia kuleta kompyuta ya mtumba, biashara huria ilipofunguliwa na kila mwenye nauli ya kwenda Tunduma mpakani akajiita tajiri. Ndiye aliyerekodi kwaya ya parokia, Agnesi akiongoza kwa ile sauti yake iliyonyamazisha hata watoto wachanga kanisani. Mwaka uliofuata Agnesi akafa kwa malaria. Tangu hapo Isdori alijiona ndiye mrithi wa sauti ile, ingawa hakuna aliyemrithisha.

Sasa Shedrack ametundika kibao: NYIMBO ZA AGNESI, SAUTI KAMILI, HAIJAPUNGUZWA. Watu wakajazana kwake. Isdori angevumilia, lakini Mama Evodia, mama yake Agnesi, ambaye kila akipanda kutoka kijijini Milepa alianzia dukani kwake, safari hii alipunga mkono tu na kuvuka barabara. Siku hiyo Isdori alikiacha chakula mezani.

Akamtuma mkewe, Hellena, akanunue CD moja. Alijua pa kushika. Wimbo ukibanwa ili uchukue nafasi ndogo kwenye kompyuta, zile sauti nyembamba za juu hutupwa, na hata ukiutanua tena hazirudi. Maziwa yakitiwa maji chupa hujaa, lakini mnywaji atajua. Isdori alikuwa na programu inayochora picha ya sauti. Wimbo mzima huchomoza hadi juu, kama nyasi zisizoguswa. Huu wa Shedrack ulikuwa umekatwa sawasawa, kama uliopitiwa na fyekeo.

"Nimekupata!" alisema peke yake, akacheka.

Wivu una mambo yake: alipima wimbo wote, asijiulize hata mara moja Shedrack aliupata wapi.

Jumamosi, kesho yake ikiwa misa ya kumkumbuka Agnesi, alichapisha ile picha, akamkokota Urbano, mwalimu wa kwaya, hadi kwa Shedrack. Mama Evodia alikuwa ameketi karibu na spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu tumsikilize Agnesi."

"Huyo si Agnesi mzima, mama. Umeuziwa makapi." Akatandaza karatasi na kueleza, kidole kikigonga pale palipofyekwa.

Shedrack hakupandisha sauti. "Kaka, mimi sijabana kitu. CD hii nilipewa na mwalimu Urbano, nikainakili kama ilivyo."

Urbano akavua miwani. "Na mimi nilipewa na wewe, Isdori. Baada ya msiba. Ulisema ndiyo yenyewe, nzima."

Hapo ndipo Isdori alipokumbuka. Aliubana wimbo kwa mkono wake, akautanua, akampa Urbano, ili asiwepo mtu mwingine mwenye alichonacho yeye. Ule mzima ulikuwa kabatini kwake, ng'ambo ya barabara, umefungiwa kwa ufunguo.

Mama Evodia hakuelewa habari za picha, ila alielewa jambo moja. "Kwa hiyo upo mwingine? Wenye pumzi yake? Alikuwa akivuta pumzi kabla ya kuimba. Humu siisikii."

Kusema ndiyo kulikuwa mwendo wa hatua ishirini tu. Lakini Shedrack alikwishatoa CD tupu ya kunakilia sandukuni, akaiweka tayari mezani kwa heshima zote, na Isdori akaiona kesho: Agnesi mzima akiimba kutoka duka hili, chini ya kibao kile.

"Haupo, mama," alisema. "Nilibana kwa kukosa nafasi. Ule mzima ulikufa na kompyuta yangu ya kwanza."

Mama Evodia akainuka, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Wewe umeniambia ukweli. Wengine wangeniacha nijidanganye."

Kisha akamwomba Shedrack amfungie yale makapi, akayakumbatia chini ya kitenge, akaenda nayo kanisani kumkabidhi padri kwa misa ya kesho.