Uso Chini

Zengo alimpiga mkewe, Ng'washi, kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe, ikampata jichoni. Kosa lake? Eti alimkodolea macho mbele ya wageni. "Mwanamke anainamisha uso!" Na jicho lenyewe lilikuwa la kulia, moja tu alilobaki nalo, la kushoto surua ililiua akiwa mtoto.

Pazia la ndani ya jicho likachanika na kubanduka. Kule Mwanza madaktari wakalirudisha, wakajaza mafuta ya silikoni ya kulishikilia.

"Mafuta huelea, mama," daktari alimwambia. "Ukiinama, yanapanda nyuma, yanalibana pazia mpaka lishike. Ukiinua uso, yanakuja mbele. Pazia likibanduka tena, sina la kufanya."

Basi Ng'washi akaenda kwa mama yake, kijijini Lalago. Akala ameinama, akalala kifudifudi. Mchana alikaa kigodani, paji la uso likiegemea ukingo wa kinu.

Siku mama yake alipokwenda kuchuma pamba, Ng'washi alisikia makatambuga ya matairi yakiburuzika uani. Zengo! Polisi walikuwa wamemwachia kwa dhamana.

"Twende nyumbani. Kesho unaifuta kesi."

"Siendi."

"Niangalie ninaposema na wewe!"

Lo, mwanaume hana haya huyu! Juzi inama, leo inua.

"Daktari amekataza," Ng'washi alisema.

Zengo akakipiga kigoda teke. Ng'washi akaanguka kwa magoti. Zengo akamkamata nywele, akavuta kichwa kurudi nyuma, shingo ikalia. Ng'washi akavuta kwenda chini kwa nguvu zake zote, mpaka nywele zikang'oka na ngozi, damu ikamchuruzika masikioni. Kufa hakukuogopa. Aliogopa giza. Ngumi zikamshukia mgongoni, moja juu ya nyingine, na mkono wake ukapapasa chini, ukaukuta mchi.

Akauzungusha huku ameinama. Kwa! Goti likapasuka. Akarudia palepale, mfupa ukavunjika.

"Mayu!" Zengo alipiga yowe akimwita mama yake, akadondoka kama gunia, pua ikajigonga kwenye kinu. Akalala chali chini ya uso wa mkewe, damu imemjaa mdomoni.

"Ng'washi, nakufa! Niangalie, mke wangu!"

Ng'washi hakuinua kichwa. Jicho lilikuwa na ukungu, lakini ndani ya ukungu huo aliiona ile pua iliyopinda, akayaona na machozi. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Nakuona," alisema, na mchi hakuuachia.